Gemu yenye jina la filamu: angalia umri kabla mtoto hajacheza

Mtoto akikuomba hela ya kwenda kibandani kucheza gemu ya filamu aliyoiona, usidhani gemu na filamu ni kitu kimoja. Mwaka 2009 filamu ya X-Men Origins: Wolverine ilipewa alama PG-13 nchini Marekani, yaani wazazi wawe waangalifu kwa watoto walio chini ya miaka 13. Gemu yake ya PlayStation 3 na Xbox 360 ilipewa alama M, ya miaka 17 na zaidi: humo viungo vya watu hukatwa na damu humwagika waziwazi.

Alama iko kwenye kava. Ya Ulaya, PEGI, ni namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Namba hiyo ni ya umri, si ya ugumu wa gemu. Ya Marekani ni herufi: E ni kwa wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Kwenye simu, Play Store huonyesha umri kabla hujapakua.

Hapa Kampala diski mara nyingi haina kava lake, na kibandani mtoto huona skrini tu. Basi keti naye dakika kumi. Tazama nani anauawa, na vipi. Mtoto aliyekimbia vita Kivu au Ituri anaweza kurudishwa kule na mlio wa bunduki tu. Akianza kuweweseka usiku au kukojoa kitandani tena, usimchape. Simamisha gemu hiyo na umpeleke kituo cha afya, uombe kuonana na mshauri.