Tumbaku ya mvuke Katavi: Thamani ya jani huamuliwa na moto

Tumbaku ni miongoni mwa mazao ya biashara ya Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Hulimwa pia Katumba na Mishamo, maeneo yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kuwapokea wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972.

Inayolimwa ni aina ya Virginia, maarufu kwa jina la tumbaku ya mvuke. Majani yake hukaushwa ndani ya bani kwa joto linalopita katika mabomba, bila moshi kuyagusa. Hapo ndipo inapotofautiana na tumbaku ya moshi ya mkoani Ruvuma.

Miongoni mwa mbegu za Virginia ni K326, iliyozalishwa Marekani. Ina mavuno mazuri na hustahimili minyoo fundo ya mizizi, lakini haina kinga dhidi ya virusi vya mozaiki.

Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno. Gramu moja huwa na mbegu zaidi ya 10,000. Kwa sababu hiyo husiwa kwanza kitaluni, na miche huhamishiwa shambani baada ya miezi miwili hivi, mvua zinapoanza Novemba na Desemba. Hupandwa juu ya matuta, kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji.

Mmea unapotoa maua, mkulima hukata kikonyo na kuondoa maotea. Nikotini hutengenezwa katika mizizi na kupanda majani, hivyo kazi hiyo huongeza uzito wa jani pamoja na nikotini yake. Majani huchumwa kuanzia chini kwenda juu, kadiri yanavyokomaa.

Kazi ngumu zaidi hufanyika ndani ya bani, kwa muda wa siku tano hadi saba. Kwanza joto huwekwa kati ya nyuzi 35 na 40 za Selsiasi ili jani ligeuke manjano, wakati wanga wake unapobadilika kuwa sukari. Kisha huongezwa taratibu ili kukausha jani, na mwishoni hufikia nyuzi 70 hivi ili kukausha kikonyo cha kati. Joto likipanda mapema, jani hubaki na ukijani. Likichelewa, huwa kahawia. Katika hali zote mbili daraja hushuka sokoni.

Hasara hiyo ni nzito, kwa kuwa wakulima wengi hukopeshwa mbolea na pembejeo nyingine kupitia vyama vya msingi, na deni hukatwa kwenye mauzo. Usiku mmoja wa uzembe waweza kumaliza faida ya msimu.

Moto huo pia una gharama kwa misitu ya miombo, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kuni. Bani lililojengwa kitaalamu, lenye tanuri lisilovujisha joto, hupunguza kuni. Mikaratusi nayo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, hivyo mkulima hana budi kuipanda mapema.

Afya nayo yahitaji tahadhari. Nikotini ya majani mabichi yenye unyevu hupenya ngozini na kusababisha kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Wachumaji wanashauriwa kuvaa glavu na nguo ndefu, kusubiri umande ukauke, na kutowahusisha watoto katika kazi hiyo.