Mteremko

Kwetu, karibu na Mogogosiek, Baba alikuwa na sheria moja kuhusu pikapu: usiiache mahali tambarare. Ukirudi nayo kutoka sokoni, unaipandisha hadi juu ya boma, unaielekeza pua chini kwenye njia ya majani chai, unaweka gia na jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Asubuhi unatoa jiwe, unakanyaga klachi, unaiacha iteremke. Ikishika kasi unaachilia klachi kwenye gia ya pili, injini inakohoa mara mbili, inawaka. Nilikua nikidhani magari yote huwashwa hivyo. Ni Nairobi nilikojua kuna watu wanaozungusha tu ufunguo na kwenda zao.

Naandika historia ya hiyo pikapu, hasa historia ya ugonjwa wake, kwa sababu usiku mmoja wa Mei 2013 mimi ndiye niliyeipaki tambarare.

Nianze mbali kidogo. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho, kampuni kubwa kama Brooke Bond na James Finlay zilifika miaka ya 1920, na vilima ambavyo Wakipsigis walikuwa wakilishia ng'ombe vikageuka zulia lile la kijani unaloliona kwenye kalenda. Wenyeji hawakuruhusiwa kuilima chai wenyewe. Waliruhusiwa kuichuma tu. Mambo yalianza kulegea baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, na KTDA, shirika la wakulima wadogo, likaundwa 1964.

Kugo, yaani babu yangu, alianza kama taniboi kwenye lori la shamba moja kubwa kabla hajapanda miche yake mwenyewe. Alituambia kwamba asubuhi za baridi, betri ikiwa imelala, kazi ya kwanza ilikuwa hendeli: chuma kirefu unachokichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa mkono. Wazee wa kwetu husema hata hilo jina la taniboi limetoka hapo, kwenye kule kuzungusha. Kugo alitufundisha hendeli inavyoshikwa, ingawa hatukuwahi kuwa nayo. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke chuma, kwa maana injini ikirudisha teke kitavunjika. Stata ya umeme ilikuwa imeshavumbuliwa zamani. Mmarekani Charles Kettering aliitengenezea kampuni ya Cadillac, ikaingia kwenye magari yake ya mwaka 1912. Lakini stata bila betri nzuri ni chuma tu, na betri nzuri haikuwa ikinunuliwa kwa ajili ya taniboi.

Mwaka 1989 Kugo alichukua bonasi ya majani, akauza na mafahali wawili, akanunua Pijo 504 pikapu, mkono wa pili, nyeupe. Kwa nini Pijo? Muulize mtu yeyote wa umri wake. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne miaka ya 1960, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Kugo alikuwa amesimama kando ya barabara akirushiwa matope na hayo magari. Isitoshe, 504 zilikuwa zikiungwa hapa hapa Kenya, kule Mombasa, enzi ambazo serikali ilibana uingizaji wa magari yaliyokamilika ili viwanda vya kuunganisha vipate kazi. Spea zilikuwepo. Fundi aliyeijua alikuwepo karibu kila soko.

Majani yenyewe hayakuhitaji pikapu sana, kwa kuwa lori la kiwanda huja kuyachukua kwenye kituo, tunapopaita bayingi. Pikapu ilibeba mengine yote: mbolea, ndama, kwaya, wagonjwa, majeneza. Kijiji kizima kiliihesabu kuwa ni yake, na Kugo hakubisha.

Hapo katikati kulikuwa na ndoto nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani. Watu wa umri wa Baba huapa kwamba mojawapo lilikataa kuwaka mbele ya umati. Sijui kama lilikataa au hamu ya watu ndiyo ilitaka likatae. Kwetu, ambako Moi alikuwa mtu wetu, walicheka kwa sauti ya chini, wakiwa wamefunga mlango. Magari hayo hayakufika sokoni.

Kilichofika sokoni ni mitumba. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa meli, na polepole fundi wa Pijo akawa fundi wa Toyota. Spea za Pijo zikawa za kutafutwa. Ukipata stata, ni iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Hii ni muhimu kwa hadithi yangu, maana ugonjwa ulipoanza, kila aliyeitwa kuitazama alikuwa na jibu kabla ya kufungua boneti: hiyo ni gari mzee, mzee wangu, uza vyuma.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka. Siku tatu inawaka vizuri, ya nne unazungusha ufunguo unasikia *ka!* moja, basi. Unarudia, *ka!* Unatoka, unapiga stata kwa spana, unarudi, inawaka, na unajiona fundi. Baba alinunua betri mpya. Ikawaka wiki mbili. Akabadilisha stata. Ikawaka mwezi. Akabadilisha swichi ya ufunguo. Kila kitu kipya kilionekana kuwa ndiyo dawa kwa muda fulani, na hapo ndipo pesa ya majani ilipokuwa ikiishia. Hatimaye akagundua mteremko, akaacha kununua vitu.

Usinielewe vibaya, mteremko ni akili. Ukikaa Konoin, mteremko ni mali kama maji. Lakini uliponya dalili tu, na kwa miaka minane hakuna aliyeuliza tena pikapu inaumwa nini.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, kama kawaida. Nilikuwa nimerudi na pikapu kutoka Litein nikiwa na viatu vya Nairobi, sikutaka kupanda na matope hadi juu ya boma. Kusema kweli nilikuwa pia nimechoka na ile aibu ya jiwe. Nikaiacha kwenye nyasi mbele ya nyumba. Saa nne Kogo, bibi yangu, akaanguka jikoni. Mdomo ulikuwa umepinda na upande wa kulia haukusikia kitu.

Nikazungusha ufunguo. *Ka!* Taa zilikuwa zinang'aa vizuri. Honi ililia hadi majirani wakatoka. *Ka!* Tukasukuma watu sita, magurudumu yakateleza kwenye nyasi, tukachimba mitaro miwili na gari likakaa ndani yake. Baba hakuniambia neno. Alikwenda barabarani kutafuta boda boda, na Kogo akakalishwa kati ya dereva na shangazi, akafungwa kwa leso asidondoke. Walifika hospitali karibu saa sita usiku.

Hakufa. Lakini mkono wa kulia haukurudi, na mtu aliyekuwa akichuma majani kwa mikono miwili tangu ujana wake alianza kujifunza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza daktari kama ile saa moja na nusu ingebadilisha kitu. Akasema kiharusi hakipendi kusubiri, kisha akaangalia faili.

Wiki iliyofuata nilimleta fundi wa waya kutoka Kapkatet, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakufungua boneti. Alikaa kwenye jiwe la Baba.

"Ilianza lini?" akauliza.

Baba akasema zamani. Fundi akasema zamani si tarehe. Tukaanza kubishana: kabla ya betri ile, baada ya mazishi yale. Fundi akaitazama pikapu.

"Mzee, hii ilikuwa rangi gani kwanza?"

Ilikuwa nyeupe. Mwaka 2003 ilipakwa buluu kwa harusi ya shangazi, pamoja na ndani ya boneti, ili ing'ae kwenye picha. Na ndiyo, tukikumbuka vizuri, shida ilianza miaka miwili hivi baada ya harusi.

"Sasa njoo hapa, kijana. Zungusha ufunguo, ukikataa usiachie haraka."

*Ka!* Akanishika mkono, akaugusisha kwenye waya wa choki, ule unaotoka kwenye dashibodi kwenda kwenye kabureta. Ulikuwa wa moto. Waya wa choki ni wa kuvuta tu, hauna kazi yoyote na umeme.

Alivyonieleza ni hivi. Umeme ukitoka kwenye betri kwenda kwenye stata lazima urudi. Unarudi kupitia chuma cha injini, kisha waya mnene wa athi unaounganisha injini na bodi, hadi betri. Taa na honi zinahitaji umeme kidogo, na zenyewe zimefungwa kwenye bodi, hazipiti kwenye injini. Ndiyo maana zilikuwa zinatudanganya. Stata inataka zaidi ya ampea mia moja kwa mpigo, na zote zinarudi kwa waya huo mmoja. Mlango wa kurudi ukiwa mbovu, umeme unatafuta dirisha, na dirisha letu lilikuwa waya wa choki.

Akachukua mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, akaniambia nizungushe. Palipaswa kusoma chini ya nusu volti. Palisoma zaidi ya nne. Kisha akaunganisha waya wa kujampu kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi injini, na Pijo ikawaka hapo hapo, tambarare, ikiwa bado ndani ya mitaro niliyoichimba.

Aliyepaka rangi alikuwa ameifungua boliti ya athi, akapuliza buluu, akairudisha juu ya rangi. Mwanzoni meno ya boliti yalikwaruza kidogo yakagusa chuma. Kisha mvua zetu zikaleta kutu. Injini ikitikisika vizuri panagusa, ikitikisika vibaya panaachia. Ile spana tuliyopigia stata haikuwa ikiitibu stata. Ilikuwa ikiutikisa waya.

Fundi aliikwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikameta, akafunga waya mpya, akapaka grisi, akamaliza kwa chini ya saa moja. Baba alikuwa amesimama na ile picha ya harusi mkononi. Pikapu imepambwa maua, na Kogo yuko mbele yake, mkono wa kulia umeinuliwa.

Sasa Baba ana mita yake. Bado anapaki juu ya boma, pua chini, jiwe mbele ya gurudumu. Jumapili hunipigia simu, na kabla ya salamu za nyumbani ananisomea namba.

"Sifuri nukta mbili," anasema.

Namwambia ni sawa, halafu namuuliza Kogo ameamkaje.