Nyasi za Kuezekea
Ukitazama picha za zamani za Wagiriama, nyumba zimevikwa nyasi toka juu hadi chini. Leo hapa Kaloleni ni makuti na mabati. Nilidhani ni fasheni tu, hadi nilipomuuliza hawe, yaani bibi yangu. Akacheka: "Nyasi za kuezekea utazikata wapi, mjukuu wangu?"

Jibu liko kwenye ardhi. Wazee walilima mtama. Shamba likichoka wanaliacha, nyasi ndefu zinarudi, mifugo inapita. Kisha mnazi ukashika. Mnazi hauhami: ukiupanda, umefunga ardhi kwa miaka 60 au zaidi. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1972 jinsi wachache walivyonunua minazi na mashamba ya wenzao. Ng'ombe wakabaki zaidi upande wa magharibi, kulikokavu.

Huko nako malisho yamebanwa. Nyasi zikiliwa bila kupumzika, mizizi inafupika. Zile za kudumu zinakufa, zinabaki za msimu mmoja. Ardhi inakuwa ngumu, na mvua ikija, maji yanakimbia na udongo wetu.

Kaya Fungo, ambayo Waingereza waliilipua kwa baruti mwaka 1914, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Sawa kabisa. Msitu una wazee wa kuulinda. Lakini nyasi je? Kwetu, hawe tu ndiye anayejua majina yake. Nimeanza kuyaandika.