Pointi Moja na Nusu: Safari Ndefu ya Wanawake Kuelekea Sayansi Vyuoni

Makerere ilipodahili wanawake wa kwanza mwaka 1945, kaulimbiu ya chuo ilikuwa bado inawahimiza wanafunzi wawe wanaume. Ilibidi ibadilishwe. Kuibadilisha mioyo ya waliofundisha kulichukua muda zaidi. Miongoni mwa wanafunzi hao wa mwanzo alikuwa Sarah Nyendwoha, aliyejulikana baadaye kama Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hesabu, lakini mhadhiri wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Sarah akahamia historia, akaendelea hadi Oxford, na kurudi akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kupata shahada.

Uwezo alikuwa nao; nafasi ndiyo aliyonyimwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wengi waliomfuata. Waliofanikiwa kupenya walithibitisha hilo bila maneno mengi. Josephine Nambooze alihitimu udaktari Makerere mwaka 1959, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa ukanda huu. Mwaka 1971 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti wa anatomia ya wanyama. Hata hivyo, aliporudi kutoka Marekani mwaka 1966, kazi ya utafiti aliyoahidiwa chuoni hapo alikuta amepewa mtu mwingine. Baada ya kuajiriwa kama mhadhiri, yeye na wenzake walilazimika kupigania marupurupu sawa na ya wanaume, yakiwamo ya nyumba.

Tanzania nayo ilijifunza jinsi sera isiyomtaja mwanamke inavyoweza kumfungia njia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwa miaka miwili baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wapate mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala kabla ya kuomba chuo. Nia ilikuwa kuwaunganisha wasomi na maisha ya wananchi. Lakini kwa binti, miaka hiyo ndiyo ya posa, ndoa na uzazi. Idadi ya wanawake wanaoingia chuoni ikashuka, na mwaka 1976 Serikali ikawaondolea sharti hilo. Hata hivyo, katika Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973, wasichana waliendelea kuwa wachache mno kwa miaka mingi.

Mwaka 1990 Makerere ilichukua hatua ya wazi: kila msichana mwombaji aliongezewa pointi 1.5. Wanawake, waliokuwa karibu robo ya wanafunzi, wakaongezeka haraka. Lakini walijaa zaidi kwenye sanaa na masomo ya jamii kuliko uhandisi. Pointi ya nyongeza ilimsaidia mwenye fizikia na hesabu kwenye cheti chake. Aliyeyaacha masomo hayo kidato cha tatu haikuwa na la kumfanyia.

Hapo ndipo kiini cha suala kilipo. Udahili wa chuo huamuliwa miaka minne au zaidi kabla ya fomu kujazwa. Huamuliwa pale mwalimu anapomwelekeza binti kwenye sayansikimu na kaka yake kwenye ufundi. Pale shule ya wasichana inapokosa tahasusi ya fizikia, kemia na hesabu kwa sababu haina mwalimu wala maabara. Na pale msichana anayetembea mwendo mrefu anapofika nyumbani, akaanza na ndoo na jiko huku daftari likisubiri.

Wanawake mawaziri wa elimu wa Afrika walioanzisha jukwaa la elimu ya wasichana la FAWE mwaka 1992 walilitambua hilo, na katikati ya muongo huo mradi wake wa hesabu na sayansi kwa wasichana ukafika Tanzania na Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingilia kozi za sayansi: walipigwa msasa wa fizikia, kemia na hesabu, wakapimwa, na waliofaulu wakadahiliwa. Wengi walihitaji mwalimu na muda tu.

Hatua za karibuni zinafuata njia hiyo. Mwaka 2021 Tanzania iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa, na ufadhili wa masomo uliopewa jina la Rais Samia kwa waliofaulu vizuri sayansi ukaanza.

Lakini ufadhili huo humfikia aliyekwisha kufaulu. Historia hii inatudai tuanze mapema zaidi: mwalimu wa fizikia na maabara inayofanya kazi katika kila shule ya kata, bweni kwa anayetoka mbali, na mzazi anayegawa kazi za nyumbani sawasawa kwa wanawe wa kike na wa kiume.