Grâce Zaadi: dhahabu ya Ufaransa, jina la kwetu



Tarehe 8 Agosti 2021, huko Tokyo, ekipe ya wanawake ya Ufaransa iliwapiga Warusi 30–25 na kuchukua dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mpira wa mikono. Katikati ya uwanja, pale anaposimama mtu wa kugawa mipira na kuamua mchezo uelekee wapi, alikuwepo Grâce Zaadi. Hapa Goma wengi hawakusikia habari hiyo. Nyiragongo ilikuwa imetapika tarehe 22 Mei, miezi miwili na nusu tu mbele ya hapo, na watu wa Buhene walikuwa bado wanatafuta mahali palipokuwa parcelle zao chini ya mawe. Kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini historia ya huyu dada inatugusa kuliko tunavyodhani.

Zaadi alizaliwa tarehe 7 Julai 1993 huko Courcouronnes, kusini mwa Paris, katika familia yenye asili ya Kongo yetu hii. Bado kijana sana akaenda Metz, mji wa mashariki ya Ufaransa, karibu na Luxembourg na Ujerumani, mahali penye baridi kali na penye watu wanaojua mpira wa mikono kama sisi tunavyojua samaki wa ziwa. Alikaa pale mpaka 2020. Akachukua ubingwa wa Ufaransa mara nyingi, na mwaka 2019 Metz ikawa klabu ya kwanza ya wanawake ya Ufaransa kufika katika zile nne za mwisho za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, kule Budapest.

Kwa asiyejua mchezo huu: watu saba kila upande, uwanja wa mita 40 kwa 20, vipindi viwili vya dakika 30. Mwenye mpira hana ruhusa ya kupiga zaidi ya hatua tatu wala kuushika zaidi ya sekunde tatu. Yule wa katikati ndiye kichwa cha ekipe. Anainua vidole kuonyesha mpango gani unachezwa, anaangalia mabeki wanasogea namna gani, halafu anaamua: kupiga mwenyewe, kumpa wa pembeni, au kuutia mpira chini kwa yule aliyebanwa kwenye mstari wa mita sita. Anapokea viwiko siku nzima. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Zaadi zaidi ya miaka kumi.

Na medali zake mtu akizihesabu anachoka. Fedha ya Olimpiki huko Rio 2016. Dhahabu ya dunia 2017 huko Hamburg, wakiwashinda Wanorwe 23–21, tena baada ya kuanza mashindano kwa kupigwa na Slovenia. Dhahabu ya Ulaya 2018, nyumbani Paris. Fedha ya Ulaya 2020, halafu hiyo dhahabu ya Tokyo ambayo ilikaribia kuwaponyoka, maana walimaliza kundi lao wakiwa wa tatu tu. Fedha ya dunia 2021, dhahabu ya dunia tena 2023, fedha ya Olimpiki 2024 mbele ya watu wao wenyewe huko Lille. Karibu kila fainali iliyopotea, aliyeichukua alikuwa Norwe. Hao Wanorwe ni mwiba kweli.

Kuna jambo moja katika safari yake ambalo mtu wa Goma atalielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2020 alikwenda Urusi, klabu ya Rostov-Don, moja ya klabu zenye nguvu sana Ulaya. Rostov iko karibu na mpaka wa Ukraine. Vita vilipoanza Februari 2022, akaondoka. Baadaye tukamwona na jezi ya CSM București, kule Romania. Kazi nzuri, mshahara mzuri, halafu asubuhi moja ndege za vita ziko juu: unafunga sanduku.

Sasa, alitengenezwaje? Kipaji anacho, sikatai. Lakini Ufaransa haikuanza jana. Olivier Krumbholz, aliyekuwa kwanza kocha wa Metz, alichukua ekipe ya taifa ya wanawake mwaka 1998. Mwaka 1999 walifika fainali ya dunia, 2003 wakawa mabingwa, halafu ikapita miaka mingi bila taji la dunia. Akaondoka 2013, wakamrudisha 2016, na matunda tumeyaona hapo juu. Chini yake kuna ukumbi uliofunikwa katika komine nyingi, kuna klabu ya mtaa, kuna kocha anayelipwa. Siraba Dembélé, kapteni wa zile dhahabu za 2017 na 2018, ni mtoto wa Dreux mwenye asili ya Mali. Katika mji huohuo wa Dreux alikuwa anacheza Gauthier Mvumbi, yule pivo mnene wa Kongo ambaye dunia nzima ilimpenda huko Misri Januari 2021, mpaka Shaquille O'Neal akamtumia salamu. Mji mmoja mdogo, watoto wawili wa Afrika, jezi mbili tofauti.

Hapo ndipo watu wanauliza mbele ya butiki: «Kwa nini Zaadi hakuchezea Kongo?» Mimi naona swali limegeuzwa kichwa chini. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na ni wa peke yake; huwezi kuushika pamoja na mwingine. Katika michezo tunafumba macho, na ekipe zetu zimejaa vijana waliozaliwa Poto. Lakini sheria iko palepale, na sisi wa Kivu, tunaokumbuka ile sheria ya uraia ya 1981 na yote yaliyoifuata, tunajua kuliko wengine kwamba neno uraia lina uzito. Huwezi kumwambia mtoto kwamba karatasi zake zinamtoa kwetu, halafu siku anapovaa dhahabu unamwita dada.

Wanawake wetu, hata hivyo, wamepambana. Mwaka 2014 walifika fainali ya Afrika huko Algiers wakapoteza kwa Tunisia. Wamekwenda Mashindano ya Dunia mara tatu: Serbia 2013, Denmark 2015, Japani 2019. Sehemu kubwa ya wachezaji walitoka klabu za Ufaransa. Mwishoni mwa 2024 Kinshasa ikapokea Kombe la Afrika. Angola ikalichukua, kama kawaida yake, na sisi tukakosa tikiti ya Mashindano ya Dunia ya 2025.

Fainali ilichezwa tarehe 7 Desemba. Wiki saba baadaye vita viliingia ndani ya Goma.

Hapa kwetu mchezo huu unaishi katika viwanja vya shule, juu ya changarawe nyeusi ya volkano. Ukianguka pale kama wanavyoanguka wenzetu wa Ulaya baada ya kupiga mpira, goti linabaki chini. Kwa hiyo watoto wetu wanajifunza kupiga wamesimama, na mlinzi yeyote aliyezoea anawazuia. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara ya kufika moja kwa moja hakuna. Uwanja wa ndege umefungwa tangu Januari 2025. Binti wa Goma mwenye miaka 17, akiitwa leo kwenye ekipe ya taifa, lazima kwanza avuke mpaka, atafute ndege Kigali au Entebbe, alipe kwa dola, ndipo afike kuichezea nchi yake.