Reli, Gololi na Mtoto wa Meza

Nilimwagiza fundi kabati la droo nne, nikamsisitizia jambo moja tu: "Fundi, droo zangu ziwe na reli." Akajibu, "Hilo halina shida, mzee." Baada ya wiki tatu kabati likaja kwa guta. Nikavuta droo ya juu. Ikaja nusu, ikainamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji, kisha ikakwama. Nikaichomoa nzima nichungulie ndani: chuma hakuna. Kila ubavu wa kabati ulikuwa umepigiliwa kipande cha mbao cha inchi moja, na droo ikiburuzika juu yake. Nikampigia simu. "Fundi, reli ziko wapi?" "Si hizo hapo chini, mzee? Kushoto moja, kulia moja."

Sikuwa na la kujibu, maana hakunidanganya. Kile kipande cha mbao ni reli, na kilikuwa reli kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Mimi kichwani nilikuwa na vile vyuma vinavyong'aa vilivyotundikwa kwenye maduka ya Kariakoo, vinavyoteleza bila kelele. Neno lilikuwa moja na vitu vilikuwa viwili, na tofauti yake katika upana wa droo ni inchi nzima. Inchi hiyo huwezi kuidai tena gundi ikishakauka.

Tuanze na droo yenyewe. Kabla neno hilo halijatuingia kutoka Kiingereza, kamusi za zamani zilikuwa na "mtoto wa meza". Meza nayo ilitoka kwa Wareno, lakini huyu mtoto ni wetu kabisa: Kiswahili kina desturi ya kuita mtoto kile kidogo kinachokaa ndani ya kikubwa, kama tunavyosema mtoto wa jicho. Naipenda picha hii kwa sababu imebeba ufundi. Mtoto hutoka na kurudi, mama ndiye anayembeba, na mama akipinda mtoto naye hakai sawa. Droo ikikukwamia, kabla hujachukua randa ukaanza kuipunguza, pima kwanza kabati kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vya mshazari visipolingana, mwenye kosa ni mama.

Kilichomponza mtoto wa meza ni hiyo meza. Jiko la siku hizi linaweza kuwa na droo kumi na mbili na meza isiwepo hata moja. Halafu kuna sarufi: mtoto wa meza amekwama au umekwama? Niliwauliza walimu wawili wa Kiswahili nikapata majibu matatu. Saraka pia imo kamusini kwa maana hiyohiyo, ila wenye kompyuta walishaichukua ikawa mahali pa kupangia mafaili, na sijapata kumsikia seremala akiitamka. Droo imeshinda, na iachiwe ushindi wake.

Reli ni kesi nyingine. Tumeizoea kwenye garimoshi, na maana yake ya msingi inafaa hapa: njia inayomlazimisha msafiri aende inakokwenda yenyewe. Hata droo ikichomoka tunasema imeacha reli. Neno halina ubaya. Ubaya ni kwamba linatembea bila jina la pili, na kila anayelisikia analijaza anachokijua yeye.

Reli ya mbao ndiyo ya kale. Makasha ya Lamu na Unguja, yale ya msaji yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, ambayo mengi yaliletwa kwa majahazi kutoka India, mara nyingi huwa na droo ndogo mbili au tatu chini, na ndani yake hamna chuma kinachoteleza. Ni mbao juu ya mbao. Reli ya namna hii haidai nafasi pembeni. Ubavu wa droo hupita karibu kabisa na ubavu wa kabati. Inadai mambo mengine, ambayo fundi wangu aliyaruka. La kwanza ni ubao wa juu, unaopita milimita moja au mbili juu ya mbavu za droo, ili droo ikivutwa isipate nafasi ya kuinamisha pua. La pili ni mbao kavu. Yeye alitumia paini iliyokuwa bado mbichi. Mbao huongezeka na kupungua kwa upana wake. Kwa urefu mabadiliko ni kidogo mno, hayahesabiki. Kwa hiyo ubavu wa droo wenye kimo cha inchi nane, uliokaa vizuri Januari, unaweza kugoma Aprili masika yakishika. Mafundi wa zamani waliacha upenyo juu, wakasugua mshumaa kwenye njia. Wapo wanaosugua sabuni. Mimi naona mshumaa ni bora, maana sabuni huvuta unyevu. Na droo iliyo pana kuliko kina chake usiifanyie reli ya mbao. Ukiivuta kwa upande mmoja hukaa mshazari, ikajiuma yenyewe.

Reli ya magurudumu ni ile nyeupe, ya bati lililopakwa rangi, yenye kigurudumu cha plastiki nyuma ya reli ya droo na kingine mbele ya reli ya kabati. Ni ya bei nafuu, ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, na droo haitoki yote: robo ya nyuma hubaki ndani, ukatafuta soksi kwa vidole. Kwa droo nyepesi inatosha.

Niliyoitaka mimi ni reli ya gololi. Jina hili halihitaji kamati. Mtoto anayecheza gololi uwanjani na fundi baiskeli anayejaza gololi kwenye ekseli wote wanalijua, na ndani ya reli hii kuna kitu kilekile: vijigololi vya chuma vilivyopangwa mstari, vikiviringika kati ya kipande kimoja na kingine. Vipande ni vitatu. Kimoja hufungwa kwenye kabati, kimoja kwenye droo, na cha kati huteleza kati yao ili droo itoke yote. Hapa ndipo ninapomrudisha yule mtoto tuliyemwacha mezani: cha kabati ni reli mama, cha droo ni reli mtoto, na cha kati kiitwe hivyohivyo, reli ya kati. Nilimtajia fundi majina hayo, na hakuuliza mara ya pili kipi kinafungwa wapi.

Ichukue reli mkononi uitazame. Ivute hadi mwisho, utaona kwenye reli mtoto kijiti cheusi cha plastiki. Hicho ni kifyatuo; ukikisukuma, mtoto anatengana na mama. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu wanasukuma vifyatuo vyote viwili upande mmoja. Reli za gololi za kulia na kushoto ni kitu kimoja kilichogeuzwa, kwa hiyo kifyatuo kinachoshuka upande huu, upande wa pili kinapanda. Kidole kimoja chini, kingine juu, halafu vuta. Nimemwona mtu akichomoa skrubu zote nane za droo ya jikoni kwa kutolijua hilo.

Vipimo vyake havina huruma. Reli ya kawaida ya gololi, yenye kimo cha milimita 45, hula milimita 12.7 kila upande, ambayo ni nusu inchi. Droo basi iwe nyembamba kuliko uwazi wa kabati kwa inchi moja kamili. Ikizidi milimita mbili, gololi hubanwa na droo huwa nzito. Ikipungua milimita mbili, unaweza kuinusuru kwa kuweka kipande cha karatasi ngumu nyuma ya reli. Kwa hiyo nikikosea, naomba nikosee kwa kupunguza. Na urefu nao una hila: reli inayouzwa kwa jina la inchi 18 ni ya milimita 450, ilhali inchi 18 kwenye futikamba ni milimita 457.

Ipo pia reli ya chini, inayojificha chini ya kitako cha droo. Hiyo ni ya wenye mfuko, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa zile zinazofuata vipimo vya Blum ya Austria, upana wa ndani wa droo hupungua milimita 42 kutoka uwazi wa kabati, na kitako hupandishwa milimita 13 kutoka ukingo wa chini wa mbavu. Fundi aliyezoea reli za pembeni akikisia, anakata mbao mara mbili.

Fundi wangu alikubali kurudia kazi, nami nikaenda kuketi naye karakanani. Ile droo ya juu aliishika usoni akaigonga kidogo kwa kiganja. Uso ukabaki mkononi mwake, misumari mitatu ikiwa imenyooka kama ilivyotoka dukani. Hakuna hata mmoja uliopinda. Ilikuwa imepigwa kutoka usoni kuingia nchani mwa ubavu, sambamba na nyuzi za mbao na sambamba na mkono unaovuta. Ncha ya mbao haishiki msumari vizuri, na kila nilipovuta droo nilikuwa naing'oa misumari hiyo kidogo kidogo.

Angalia majina yaliyokwisha kupita: uso, ubavu, kitako, na bado mgongo. Useremala wa Kiswahili unaisema droo kama mwili. Kipande kinachochongwa chembamba ili kizame kwenye tundu la kipande kingine ni ulimi. Vipande viwili vikikatwa vipishane kama vidole vya mikono, hayo ni meno. Tatizo linalobaki ni jina la yale meno yaliyo mapana nchani na membamba shinani, yasiyoweza kuvutika nje hata gundi ikichoka. Wamisri wa kale waliyatumia kwenye samani zao. Waingereza waliona humo mkia wa njiwa; Wajerumani na Wafaransa waliona mkia wa mbayuwayu. Sisi tumwone nani? Mbayuwayu mkia wake ni panda, na panda ni umbo la pengo zaidi kuliko la jino. Njiwa anapotua hufungua mkia kama upepeo, mwembamba shinani, mpana nchani, na huyo yuko juu ya kila paa la mji. Nakubaliana na Mwingereza kwa hili: meno ya mkia wa njiwa.

Lakini jina halisemi mikia inakaa wapi, na hapo ndipo penye maana. Mikia hukatwa kwenye mbavu, na uso ndio unaochongwa nafasi za kuipokea. Ukivuta uso, mikia inaushikilia. Ukigeuza, ikawa mikia iko usoni, umefanya kazi ya siku nzima na gundi peke yake ndiyo inayoshika. Mlalo wa mkia huwa wa moja kwa sita kwa mbao laini kama paini, na moja kwa nane kwa mbao ngumu kama mninga.

Je, droo ya reli ya gololi inahitaji mkia wa njiwa? Mimi nasema hapana, ingawa najua maseremala watakaonuna. Mkia wa njiwa ulikuwa dawa ya droo zinazokwama, zinazovutwa kwa nguvu. Droo ya gololi huvutwa kwa kidole. Isitoshe, ile nusu inchi kila upande lazima ifichwe, kwa hiyo droo hutengenezwa sanduku kamili lenye ubao wake wa mbele, kisha uso mpana hufungwa kwa skrubu kutoka ndani. Sanduku la plaiwudi ya milimita 15, mbavu zikiwa nje na ubao wa mbele na mgongo vikiwa katikati yake, gundi pamoja na skrubu zilizotanguliwa na keekee, litamtumikia mtu miaka mingi. Skrubu hapo hukatiza mkono unaovuta badala ya kuufuata. Na upana wa sanduku unaujua kabla hujakata: urefu wa ubao wa katikati, jumlisha unene wa mbavu mbili. Anayetaka mkia wa njiwa kwa uzuri alipie uzuri.

Kitako ndicho nisichokubali mjadala. Kitako kilichopigiliwa misumari kutoka chini kitaanguka na vijiko vyote siku moja. Kichongewe mfuo upande wa ndani wa mbavu na wa ubao wa mbele, milimita kumi hivi juu ya ukingo wa chini, plaiwudi ya milimita 6 iingie humo, uzito ubebwe na mbao.

Kabati langu sasa lina droo nne za gololi, na nyuso ni zilezile za mwanzo. Ukienda kuagiza lako, nunua reli kwanza. Mpelekee fundi mkononi, umwekee juu ya benchi lake kabla hajachora mstari wa kwanza kwenye mbao.