Tanzania: Jinsi monasteri za Wabenediktini zinavyojitafutia riziki

Mtawa anapoweka nadhiri huachana na mali yake. Hana mshahara, na hata kitanda anacholalia ni cha nyumba. Lakini nyumba yenyewe haina budi kula, kuwalipa wafanyakazi na kuezeka upya paa linalovuja. Kusini mwa Tanzania watawa wamekuwa wakihangaikia jambo hilo kwa zaidi ya miaka 100.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa nchini Italia katika karne ya 6, inawataka watawa waishi kwa kazi ya mikono yao. Biashara inaruhusiwa pia, ila kwa sharti ambalo mchuuzi yeyote wa sokoni angelicheka: bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya bei ya walimwengu, ili tamaa isipate mlango.

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Ujerumani, walianzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898. Iliteketezwa wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, kisha ikajengwa upya. Pamoja na kanisa yalikuja mashamba, mifugo, karakana za useremala na uhunzi, na kiwanda cha uchapaji. Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906 katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Mtwara, ilifuata njia hiyo hiyo. Siku hizi hata maji ya chemchemi zake huuzwa katika chupa.

Kazi hizo huingiza fedha. Hospitali huzitumia. Wagonjwa wengi wa Peramiho na Ndanda ni wakulima wasiomudu gharama kamili za matibabu, na kwa miongo mingi pengo hilo lilizibwa kwa michango ya waumini wa Ulaya, hasa Wajerumani. Michango hiyo iliambatana na watu: mabruda mafundi, waashi na makanika, waliofanya kazi bila ujira. Mfadhili alimtumia fedha bruda aliyetoka parokia yake mwenyewe, mtu anayemfahamu kwa jina. Sasa mabruda hao wamezeeka au wamefariki, na abasia zimo mikononi mwa Waafrika. Hiyo ni heri kwa Kanisa la mahali, lakini ule uzi wa undugu uliovuta michango umelegea.

Jibu la kijasiri zaidi limetoka kwa masista. Shirika la Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, Chipole, mkoani Ruvuma, lilijenga mtambo wa umeme wa maji huko Tulila, kwenye Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5. Ulipoanza kazi mwaka 2015, Songea ilikuwa bado inategemea jenereta za dizeli. Gridi ya taifa iliufikia mji huo mwaka 2018. Umeme huuzwa kwa shirika la umeme la taifa, TANESCO.

Seremala husubiri mteja aje kuagiza meza, ilhali umeme hununuliwa usiku na mchana. Hatari yake ni kwamba mnunuzi ni mmoja tu: akichelewa kulipa, au mto ukipungua wakati wa kiangazi, shirika zima huona upungufu. Na bei ya umeme hupangwa chini ya usimamizi wa mamlaka ya udhibiti, EWURA, kwa hiyo sharti la kuuza kwa nafuu kuliko walimwengu halina nafasi hapa.